Diski ya Ndani, Diski ya Nje

Antsirabe, 4 Machi 2007

Mdogo wangu Njaka,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Soazara na huyo binti yenu Tsiky, ambaye mpaka leo namjua kwa picha moja tu, tena humo amegeuza uso. Sisi huku hatujambo. Mvua bado inanyesha, viazi vimeoza ardhini, lakini mpunga wa bondeni umesimama vizuri. Shangazi Razafy goti linamsumbua, mdomo haumsumbui. Jumapili alimkosoa mchungaji katikati ya mahubiri, na mchungaji akaomba radhi.

Mama hajambo kwa mwili. Macho ndiyo basi tena. Anatofautisha mchana na giza, na anajua nimesimama mlangoni kwa sababu nimemzuilia mwanga. Mchele bado anataka kuuchagua mwenyewe kwa vidole, na mimi nauchagua upya akishamaliza. Usilitaje hilo ukiandika, maana barua zako ndizo ninazomsomea.

Sasa hili lililonikalisha chini. Unazikumbuka kanda za Baba? Zile alizojirekodi chumbani akifanya mazoezi ya hotuba, kabla ya kwenda kusemea posa na mazishi ya watu. Nilizikuta nikitafuta blanketi, ukungu umezila. Nikampelekea Lanto, fundi anayepiga video za harusi pale karibu na stesheni. Akaniambia kanda zilizofikia hali hii zinapita kwenye mashine mara moja tu, kisha utepe unabaki mtupu. Akazipitisha hiyo mara moja, akaziingiza kwenye kompyuta yake. Njaka, sauti imetoka! Baba anakohoa, anamkemea jogoo, anaingia moja kwa moja kwenye sifa za bibi harusi, anakosea, anarudia. Nilimpeleka Mama dukani kwa Lanto asikie. Kabla hajakaa alilivua shali lake akalivaa upya vizuri, kama mtu anayetembelewa na mgeni.

Lanto anataka nafasi yake, kompyuta yake imejaa harusi za watu. Ananiuliza: anunue diski ya ndani aifunge humo kwenye kompyuta yetu ya nyumbani, au ninunue ya nje, kile kisanduku cheusi kinachochomekwa kwa waya na kubebwa mkononi? Wewe ndiye mwalimu wa sayansi. Niambie.

Na mwaka huu, Agosti, tunamtoa Baba kaburini kumvika sanda mpya. Mnajimu anatafuta siku. Kila mtoto aje na sanda yake. Utakuja?

Dada yako,
Voahangy


Maintirano, 11 Aprili 2007

Mkubwa wangu Voahangy,

Pokea heshima zangu, na umfikishie Mama za kwake, na Shangazi Razafy za kwake kwa mbali kidogo. Barua yako ilikaa kwenye lori upande wa pili wa mto mpaka maji yalipopungua. Imefika inanuka dizeli na samaki wakavu, lakini imesomeka. Sisi tu wazima. Tsiky ameota jino na analitumia kwenye mikono yangu. Soazara anakusalimu, anasema picha nyingine itakuja siku huyo mpiga picha wa hapa atakapoamka mzima.

Jibu langu ni moja: ya ndani. Sikiliza nikueleze. Diski ya ndani imefungwa kwa skrubu ndani ya chuma. Haianguki, haiazimwi, haisahauliki kwenye mfuko wa mtu. Ya nje ina miguu. Leo iko mezani, kesho iko kwa jirani anayetaka kusikia hotuba ya harusi yake, keshokutwa imetiwa chai. Unaikumbuka redio ya Baba? Shangazi aliiazima wiki moja. Nikaingia sekondari, nikamaliza, nikaenda chuo, ile wiki moja haijaisha. Iliporudi ilikuwa na tumbo wazi na ndani kuna sindano za kushonea. Hapo ilikuwa redio. Sasa unataka uwape kisanduku chepesi kama sabuni, kina baba yetu ndani yake?

Ya ndani, dada. Akiba haiozi, lakini akiba inayotembea haina mwenyewe.

Hapa mahindi yamefika bei nzuri na mbu pia hawajambo. Nimepewa darasa la mitihani mwaka huu, kazi tele.

Mdogo wako,
Njaka

Kwenye hizo kanda, hakuna ya mwaka ule? Nimeuliza tu. Usihangaike kuitafuta.


Antsirabe, 20 Mei 2007

Mdogo wangu,

Baridi imeanza, asubuhi majani yana barafu na wavuta mikokoteni ya abiria wamejifunga vitambaa mpaka puani. Mama anaota jua ukutani mchana kutwa. Mpunga umeingia ghalani. Shangazi amesikia salamu zako na ameuliza "kwa mbali" maana yake ni umbali gani.

Barua yako, kama kawaida yake, ilifika baada ya shughuli. Lanto hakuweza kusubiri, nikanunua ya nje. Kwani ukiniuliza mimi, kompyuta ni mgonjwa anayengoja siku yake. Umeme hapa ukikatika si neno, neno ni unaporudi: unarudi kwa hasira, taa zinapasuka. Kitu kilichofungwa humo ndani kwa skrubu kitakimbilia wapi? Kisanduku changu nakichomoa, nakitia kabatini katikati ya shuka, namaliza. Lakini nilipomsomea Mama barua yako akasema, "Njaka ndiye mwanamume wa nyumba hii, mfanyie na lake." Basi yule nguruwe mwekundu nikamuuza na ya ndani nikanunua. Sasa Baba yuko ndani na nje, na wewe ulale.

Kila alasiri namwekea Mama hotuba moja. Anamkosoa. "Hapo ulisema uongo, yule binti hakuwa na adabu hata kidogo." Halafu anatega sikio kama anasubiri ajibiwe.

Uliuliza kuhusu mwaka ule. Iko.

Sikuwa najua, na nimeona vigumu kukuandikia, lakini iko. Ulipomposa Soazara, Baba, aliyewasemea watoto wa watu wote wa Antsirabe, alikataa kukusemea wewe, eti hawezi kwenda kuwapigia magoti watu wa pwani. Ukaenda na msemaji wa kukodi. Hukurudi, na mwaka uliofuata tukamzika huku wewe uko njiani. Njaka, alifanya mazoezi. Kanda inaanza anasema, "Hii ya Njaka na Soazara," na kuanza kuhutubia. Nilisikia mwanzo wake tu nikazima. Nikasema hii si yangu, asikie mwenyewe kwanza. Mama aliisikia yote, Lanto alimwekea siku niliyokwenda mnadani na yule nguruwe. Nimemuuliza inasemaje, anajibu, "Mwite mwenye nayo."

Basi nakuita. Mnajimu ametoa siku, katikati ya Agosti. Njoo na mkeo, njoo na mtoto. Usikie.

Voahangy


Maintirano, 25 Juni 2007

Mkubwa wangu,

Salamu nyingi. Hatujambo. Soazara alikuwa na homa, imeshuka. Tsiky anatambaa, jana tulimtoa chini ya kitanda akiwa na kitu mdomoni ambacho mpaka sasa hatujakubaliana kilikuwa nini.

Agosti sitaweza kuja. Mitihani, marekebisho, na paa la darasa linangoja kiangazi. Sanda ya hariri ninaituma na mwenye lori, mwekee Baba kwa niaba yangu.

Unasema ana neno la kuniambia. Dada, yule mzee alikuwa na mdomo, tena mdomo wa kufuatwa na watu kutoka mbali. Nilikaa mwaka mzima hapa nikisubiri mstari mmoja. Siku ya posa nilisimama mbele ya wakwe zangu na msemaji asiyejua hata jina la babu yangu, akanitajia ukoo wa mtu mwingine, wapwani wakacheka, nami nikacheka nao. Sasa niambiwe alizungumza na mashine chumbani. Mashine ikaelewa?

Basi tuyaache. Diski ya ndani na ya nje, zote mbili unazo, vizuri. Ukitaka kunitumia nakala kwenye sidii, tuma, nitaiweka. Usitume, pia sawa.

Usiifute lakini.

Njaka


Antsirabe, 3 Septemba 2007

Mdogo wangu Njaka,

Sote wazima. Shughuli imepita salama, watu walikuja wengi kuliko mchele. Ng'ombe walitosha. Wapiga filimbi walitoka Ambohimandroso na hawakupumzika mpaka midomo ikavimba. Baba alikuwa mwepesi, Njaka. Tulimpakata mapajani, wanawake tulivyokaa kwenye mkeka, na mimi nilimshika upande wa mabega. Sanda yako ndiyo iliyomgusa kwanza. Mama aliipapasa akasema ni hariri ya kweli, hukudanganywa.

Tulimwekea sauti yake mwenyewe kwenye spika za wapiga muziki, Mama ndiye aliyetaka. Watu walilia na kucheza kwa pamoja.

Shangazi goti limepona kwa sababu ya kucheza, anasema. Mengine nitakuandikia nikipata nafasi.

Voahangy


Maintirano, 9 Oktoba 2007

Mkubwa wangu,

Pole na hongera kwa shughuli. Nimeisoma barua yako mara kadhaa, na kila mara inaishia mapema. Wewe ukimsimulia mtu kuku aliyeibiwa unajaza kurasa, leo unamrudisha Baba kaburini katika mistari mitano? Mama anaumwa? Kama anaumwa sema.

Nami nina la kusema. Tsiky ameanza kutamka. Neno lake la kwanza lilikuwa la mama yake, la Kipwani, na la pili lilikuwa langu, la huko kwetu. Soazara akacheka, akasema huyu atamwelewa babu yake vizuri kuliko sisi. Nilitoka nje kidogo.

Nimebadili mawazo. Nataka kuisikia. Sina la kuongeza hapo. Nataka kumsikia akiwa amekosea, akirudia, akimkemea jogoo wake, huku akitaja jina la mke wangu. Watawa wa misheni wana kompyuta na wamekubali niitumie. Anayekuletea barua hii ni Bwana Solofo, bwana mifugo wetu, mtu mwaminifu, hanywi chochote chenye povu. Mpe nakala. Kama sidii hakuna, mpe hiyo diski ya nje yenyewe, nitairudisha kwa mkono wangu. Ndiyo, mimi mwenyewe naomba diski ya nje, cheka sasa.

Nasubiri.
Njaka


Antsirabe, 2 Novemba 2007

Mdogo wangu,

Bwana Solofo amekaa hapa sebuleni, anakunywa maji ya ukoko wa wali na kumsimulia Mama habari za ng'ombe wenu. Anasubiri nimpe kitu. Nitampa barua hii, maana sina kingine.

Njaka, sina. Niliandika barua mbili nikazichana. Mama haumwi.

Julai, majuma machache kabla ya shughuli, umeme ulikatika tangu mchana. Uliporudi, friji ililia, na kompyuta ikatoa harufu ya nywele zilizoungua. Lanto aliifungua. Diski yako ya ndani ilikuwa inagonga, tak, tak, kama mtu anayebisha hodi, halafu haikugonga tena. Ameituma mpaka mji mkuu, imerudi ikiwa chuma tu. Nikajisemea si neno, ya nje iko kabatini katikati ya shuka. Hata nilifurahi kidogo, Mungu anisamehe, kwamba nimekushinda. Nakala ya kwake Lanto alikwisha kuifuta ili apate pa kuweka harusi. Nikamwambia nitamletea ya nje anakili tena baada ya shughuli, kwa sasa Mama anaitaka makaburini.

Nikaibeba. Tulipomaliza kumwekea Baba sauti yake, mpiga muziki alinirudishia mkononi, na wakati huohuo Mama akaita kwamba hakuna aliyemshika. Nikampa Shangazi Razafy. Nilimwambia, "Shika hapa, Shangazi, taratibu, Baba yumo humu." Kwa mdomo wangu mwenyewe.

Unajua ni yeye anayewavika wafu wetu sanda, kwa kuwa ndiye mkubwa. Waliweka tumbaku yake, kitana chake, kichupa cha ramu. Kisha akaiweka diski juu ya kifua, ndani ya sanda yako, wakamviringisha na kumfunga. Nilikuwa upande wa pili namshikilia Mama, nikacheza na kulia kama wengine. Tukamzungusha kaburi mara saba, akaingia, jiwe likarudishwa, udongo ukapigwa.

Kesho yake nikamuuliza, "Shangazi, kile kisanduku cheusi?"

Akasema, "Nimempa mwenyewe."

"Umempa nani?"

"Baba yako. Si ulisema ni sauti yake? Mlitaka akae miaka saba bila sauti, na yeye alivyokuwa anapenda kusema?"

Nikapiga kelele ambazo sijawahi kumpigia mkubwa. Hakukasirika. Alinitazama kwa huruma, kama mtoto asiyejua dunia. "Cha maiti hakirudishwi, mwanangu. Ukimnyang'anya atakuja kukiuliza." Nilikwenda kwa mnajimu, nikaenda kwa wazee wa ukoo, mmoja mmoja. Wote wananiambia neno moja: kaburi halifunguliwi kwa ajili ya kitu. Linafunguliwa kwa ajili ya mtu. Mpaka shughuli nyingine, miaka saba ijayo, au mpaka mmoja wetu aingie.

Kwa hiyo ulikuwa na haki, ya nje ilitembea. Na mimi nilikuwa na haki, ya ndani iliungua. Tugawane hizo haki zetu, tuone zitamsemesha nani.

Voahangy


Maintirano, 6 Desemba 2007

Dada,

Sote wazima. Solofo amefika.

Sikulaumu, na Shangazi usimnunie. Angalau safari hii hakutia sindano.

Niandikie ulichosikia kabla hujazima. Chote, hata kikohozi. Na mwombe Mama aseme alichosikia, mwambie mwenye nayo ameita. Mvua zimeanza, harakisha kabla mto haujajaa.

Njaka


Antsirabe, 15 Januari 2008

Mdogo wangu Njaka,

Heri ya mwaka mpya kwenu watatu. Mwenye lori anasema atajaribu, haahidi. Nikimwangalia usoni naona barua hii italala njiani mpaka Aprili, lakini naandika.

Nilichosikia ni hiki. Anakohoa. Anasema, "Hii ya Njaka na Soazara." Kiti kinalia. Halafu anasema hivi, na hapa sijaongeza wala kupunguza: "Si mimi niliyestahili kusimama. Wapo walionitangulia kuliona jua, wapo wanaonizidi kwa maneno. Naomba radhi kwa kusimama. Naomba radhi kwa kusimama nikiwa nimechelewa." Hapo nikazima.

Najua utakalosema. Kila msemaji huanza kwa kuomba radhi, hata anayekwenda kudai ng'ombe wake. Nami nilifikiri hivyohivyo, ni mlango tu wa hotuba, maneno yenyewe yako mbele. Kwa hiyo nikakuwekea hayo ya mbele. Niliyokuachia ndiyo yaliyokwenda.

Mama alikubali. Nilimvalisha shali, akakaa wima, nikashika kalamu. Akaanza vizuri, naomba radhi, naomba radhi kwa kusimama, sauti yenyewe akaigeuza ikawa nzito. Kisha akamsifu bibi harusi mikono yake ya kusuka, na baba yake mwenye mashamba ya zabibu. Nikaandika. Njaka, baba yake Soazara ana zabibu? Si mvuvi wa kamba yule? Nikamwambia, "Mama, huyo ni nani?" Akasema, "Nimeingia harusi ya watu wengine." Akaomba aanze upya. Mara ya pili akaingia kwenye mazishi. Mara ya tatu akaweka mikono mapajani, akalia bila sauti, na mimi nikatupa kalamu chini. Hizo alasiri zote za hotuba zimemchanganyikia kichwani, na mwenye kuzipanga yuko chini ya jiwe.

Leo asubuhi aliniita, uso umechangamka. Alikuwa amepata ufumbuzi. Akasema, "Mwandikie Njaka asihuzunike. Kaburi si linangoja mtu? Mimi nikiingia, mlango utafunguliwa. Aje na tochi, amwombe Baba yake kwa adabu, aichukue. Nami sioni kama nitachelewa sana." Alisema kama anayekupunguzia bei sokoni. Halafu akaomba chai.

Nimeandika tu kama alivyosema.

Voahangy


Maintirano, 19 Aprili 2008

Mkubwa wangu Voahangy,

Barua yako ya Januari imefika jana, mto umepungua. Sijui kama Mama bado anaota jua ukutani wakati nakuandikia haya. Naandika kana kwamba yupo, na wewe ukimkuta yupo msomee. Soazara anawasalimu, Tsiky anatembea na kuanguka.

Baba yake Soazara hana zabibu. Ni mvuvi wa kamba, hukukosea.

Nimeisoma ile radhi mpaka karatasi imelegea. Unasema ni mlango tu wa hotuba. Sasa nikumbushe, dada, maana wewe ulilala chumba cha pili na mimi nililala mlangoni pake: Baba aliwahi kuifanyia mazoezi ile sehemu? Mimi namkumbuka akikohoa na kuingia moja kwa moja kwenye sifa za binti. Radhi aliijua usingizini, angejisumbua nayo ya nini? Alianzia mbele siku zote. Nakumbuka hivyo. Au nataka kukumbuka hivyo, sijui. Ningezisikiliza kanda nyingine nihakikishe, nazo ziko hukohuko kifuani kwake. Kwa hiyo hakuna wa kuniambia. Nimekaa na radhi mkononi, sijui kama ni yangu au ni ya watu wote waliowahi kuposa.

Tutakuja kiangazi, wote watatu, barabara ikikauka. Mwambie Mama namletea mjukuu ampapase uso, maana kwenye picha aliugeuza.

Na mwambie hivi, umsomee polepole, urudie kama hakusikia. Diski siitaki tena. Niliyoyapata yananitosha. Ni uongo, lakini wewe msomee hivyohivyo. Asifanye haraka kwa ajili yangu. Mlango ukae umefungwa.

Njaka